Paa la Warsaw, Mvua ya Kikula

Jioni ya tarehe 16 Oktoba 2012, watu waliojaza Uwanja wa Taifa wa Warsaw waliinua macho na kuona kitu kilichowaudhi kuliko mvua yenyewe. Juu kabisa, katikati ya uwanja, paa lilikuwa limekunjwa na kuning'inia. Lilikuwa zima na jipya, limejengwa kwa ajili ya Kombe la Ulaya la mwaka huohuo. Chini yake nyasi zilikuwa zimegeuka bwawa. Poland na Uingereza zilitakiwa kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Mwamuzi Gianluca Rocchi wa Italia aliingia na mpira, akaujaribu huku na huku, nao ukawa unanasa kwenye maji. Mashabiki wawili wakavamia uwanja, wakawa wanateleza kwa matumbo mbele ya dunia nzima, walinzi wakiwafukuza. Mechi ikasogezwa hadi siku iliyofuata, ikaisha kwa sare ya 1-1.

Kwa nini paa halikufungwa? Kwa sababu lilikuwa limeshachelewa kufungwa. Paa la Warsaw ni la kitambaa. Linahitaji kama dakika ishirini kutandazwa, na halitandazwi mvua kubwa ikinyesha, maana maji yangejaa kwenye mikunjo na uzito wake ungehatarisha nyaya zinazolishikilia. Sharti lifungwe kabla ya tone la kwanza. Utabiri wa mvua ulikuwapo tangu mapema, na uamuzi wa kuliacha wazi ulifanywa mapema vilevile. Ilipofika saa ya kuujutia, hapakuwa na kitufe cha kubonyeza.

Ninauletea mji wetu wa Likasi habari hii ya mbali kwa sababu kila mara mvua inapokata mechi huku kwetu, haikosi mtu wa kusema kwamba wenzetu wana mapaa yanayofunguka na kufungwa, na sisi tumebaki kukimbilia chini ya miembe. Neno hilo lina uchungu ndani yake, na uchungu huo una haki. Mkoa wetu wa Haut-Katanga na jirani yake Lualaba ndiyo iliyoifanya Kongo kuwa ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile tu. Mtu anayeishi katika komine zetu za Kikula au Shituru, akisikia kwamba kuna mji ambao uwanja wake unajifunika wenyewe, ana sababu ya kuuliza kwa nini wake haujifuniki. Lakini mimi nadhani swali la paa linatupotosha. Kilichoiangusha Warsaw ni uamuzi uliokosa mwenyewe na kukosa saa, na uamuzi wa namna hiyo ndio unaotuangusha sisi kila msimu, tena bila paa.

Uwanja wa Kikula, ambako US Panda B52 hupokea wageni wake, uko wazi kwa mbingu. Mji wetu umekaa kwenye vilima vya shaba, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, mita zipatazo 1,300 juu ya bahari. Mvua yetu ni kama milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba unaweza kuandaa mechi miezi mitano bila kuwaza wingu. Halafu Oktoba joto linapanda, udongo mwekundu unapasuka, na ngurumo za kwanza zinasikika upande wa mto Lufira.

Anayeishi hapa anaijua ratiba ya mvua kuliko ya ligi. Asubuhi jua ni kali na mbingu safi. Saa sita mawingu meupe yanaanza kupanda juu, chini yakiwa meusi. Saa nane upepo unageuka ghafla, unakuwa wa baridi, vumbi linainuka na mabati yanaanza kugongana. Saa tisa, au tisa na nusu, maji yanamwagika. Na mechi zetu zinaanza saa ngapi? Saa tisa na nusu. Tumechagua, kwa miaka na miaka, kuweka watu elfu kadhaa mahali pa wazi katika saa ileile ambayo radi hupenda.

Kongo nayo iliwahi kufikiria kwa dhati paa la kujikinga na mvua siku ya mchezo, si kwenye mpira bali kwenye ngumi. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilikuwa lifanyike Kinshasa tarehe 25 Septemba 1974. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, na kwa kusogezwa huko likaingia kwenye msimu wa mvua. Waandaaji walilijua hilo, wakasimamisha paa juu ya ulingo. Watu wengi wameitazama filamu ya usiku ule wasilitambue, kwa kuwa macho yote yako kwa Ali. Foreman alianguka raundi ya nane. Kisha, pambano likiwa limekwisha, mbingu ikafunguka na mvua ikaufurikisha uwanja. Hebu tuangalie paa lile lilikinga nini. Lilikinga mabondia, mwamuzi na turubai la ulingo. Maelfu kwa maelfu waliokaa majukwaani tangu jioni walikuwa wao na Mungu wao.

Ninaona hesabu hiyohiyo ikirudiwa kila mahali. Tukiongea juu ya mvua tunaongea juu ya uwanja: mpira unadunda au haudundi, mistari inaonekana au haionekani, mechi irudiwe lini, nani analipa gharama ya wageni kulala. Mara chache sana anatokea mtu kwenye kikao akauliza juu ya mama anayeuza karanga chini ya nguzo ya chuma.

Na radi ni jambo la kuulizwa, tena hapa kuliko karibu popote. Wachunguzi waliohesabu miale ya radi kwa setilaiti waliutaja mwaka 2016 mji wa Kabare, Kivu Kusini, kuwa wa pili duniani: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Katanga haifikii Kabare, lakini imo katika ukanda uleule. Oktoba 1998 gazeti la L'Avenir la Kinshasa liliripoti kwamba radi ilipiga mechi huko Kasai, ikaua wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Bena Tshadi na kuwaunguza watu wengine wapatao thelathini. Matokeo yalikuwa 1-1. Upande wa pili haukuguswa, na kwa sababu hiyo mazungumzo yakahamia haraka kwenye uchawi, watu wakagawanyika juu ya nani alimtumia nani nini. Wikiendi hiyohiyo, Johannesburg, radi iliwaangusha wachezaji kadhaa katika mechi ya Moroka Swallows na Jomo Cosmos, mbele ya kamera.

Sitaki kumcheka mtu aliyezika kijana wake na kutafuta mkono uliofanya hivyo. Lakini natamani mazungumzo yale yangeelekea pia kwa waliokuwa na filimbi na saa. Ngurumo huwa zinatangulia. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona mmweko ukahesabu, na ngurumo ikakufikia kabla ya kufika thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi, na pigo lake linalofuata linaweza kuwa lako. Hapo mchezo unasimama na watu wanaingia mahali salama. Haurudi mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Kanuni hii haihitaji mashine wala umeme wa shirika la SNEL. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuihesabu. Na sheria za mpira zimempa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mechi.

Sasa turudi kwa wenye mapaa, kwa sababu wao wamelazimika kuandika kile ambacho sisi tumeacha hewani. Katika ligi kuu ya futiboli ya Marekani, klabu mwenyeji inatakiwa iseme dakika 90 kabla ya mchezo kama paa litakuwa wazi au limefungwa. Baada ya hapo hakuna kubadili kwa ajili ya kumkomoa mgeni. Cardiff, ambako uwanja wenye paa la kusogea ulifunguliwa mwaka 1999, raga ya mataifa sita iliweka utaratibu kwamba timu zote mbili zikubaliane ndipo paa lifungwe. Mwaka 2017 Uingereza walikataa, na mechi yao na Wales ikachezwa chini ya anga. Mwaka huohuo, tarehe 3 Juni, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ilichezwa Cardiff paa likiwa limefungwa kwa sababu za usalama, Real Madrid wakawafunga Juventus 4-1. Uwanja ni mmoja na paa ni lilelile, lakini majibu yalikuwa mawili, na kila mara alikuwapo wa kuulizwa kabla watu hawajafika getini.

Frankfurt ndiyo inayonigusa zaidi, pengine kwa sababu inahusu kiangazi kile ambacho wazee wetu hawajakisahau. Mwaka 1974 Leopards wa Zaire walikuwa Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, na golini Kazadi wa klabu ya Mazembe ya Lubumbashi, wakifungwa na Scotland, Yugoslavia na Brazil. Wao walishaondoka tarehe 3 Julai, wenyeji walipokutana na Poland mjini Frankfurt. Mvua kubwa ilizigeuza nyasi kuwa ziwa. Zimamoto waliletwa na pampu zao kunyonya maji, mechi ikachelewa, ikachezwa kwenye tope, mpira ukinasa miguuni mwa watu waliokuwa hodari kuliko wote duniani kwa pasi za chini. Ujerumani walishinda 1-0 na kwenda fainali. Wapoland mpaka leo wanaamini maji ndiyo yaliwafunga.

Miaka thelathini baadaye uwanja uleule ulijengwa upya na kupewa paa la kitambaa linalotoka katikati. Tarehe 29 Juni 2005 Brazil na Argentina walicheza hapo fainali ya Kombe la Mabara. Safari hii paa lilifungwa kwa wakati. Mvua ikaja, maji yakajikusanya juu ya kitambaa, kitambaa kikalegea, na upande mmoja karibu na kona maji yakamwagika ndani ya uwanja mechi ikiendelea. Brazil walishinda 4-1. Mji ulikuwa na kumbukumbu, fedha, wahandisi, na paa lililofungwa kwa saa yake, na bado ukalowa. Anayeamini kwamba mashine itamwondolea kazi ya kusimamia mvua aitazame kona ile.

Na paa lina madai yake mengine. Amsterdam walifungua uwanja wao mwaka 1996, wa kwanza kwa mpira wa miguu Ulaya kuwa na paa la namna hii, na kwa miaka mingi nyasi zilikuwa zinakufa kwa kukosa jua na upepo, zinang'olewa na kupandwa tena. Hata leo viwanja vya aina hiyo huwasha taa kubwa usiku na mchana juu ya nyasi ili zisife. Hebu waza hesabu hiyo katika mji wetu. Mto Lufira unazungusha mtambo wa umeme wa Mwadingusha, uliojengwa na kampuni ya migodi ya Union Minière mwaka 1930, na ule wa Koni, na bado kota nyingi za Likasi zinakaa gizani jioni. Siku umeme unakatika na wingu linakuja, paa linalotegemea mota ni anga wazi lenye deni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, kama mfadhili angeipa Likasi paa la kusogea, lifunguliwe siku ya mchezo au lifungwe, nina jibu. Juni na Julai lifunguliwe bila mjadala. Jua letu la msimu wa kiangazi ni zuri, hewa ni baridi na kavu, na mpira wa Katanga umezoea kuchezwa chini ya mbingu ya buluu. Kuanzia Oktoba lifungwe saa sita mchana kila siku ya mechi, hata kama hakuna wingu, na funguo ziwe kwa mtu mmoja mwenye jina lililobandikwa getini. Lakini fedha za paa hilo zikiwekwa mezani kwangu, nisingelinunua.

Ningeanza na Panda. Katika komine ile kampuni ya migodi ya Gécamines ina karakana kuu, zile Ateliers Centraux, ambazo kwa vizazi zimeyeyusha chuma na kuchonga vyuma vya migodi mizima. Wapo Likasi watu wanaojua kuchomelea, kukereza na kupinda chuma kuliko wengi katika bara hili, na wengi wao sasa ni wastaafu au wanabahatisha vibarua. Jukwaa lenye paa la mabati juu ya nguzo zilizochomelewa vizuri linaweza kutoka kwenye mikono hiyo. Na si jukwaa la wageni wa heshima peke yake. Ninazungumzia upande wa pili, wa tiketi ya bei ya chini, wanakokaa vijana na wauza maji ya mifuko.

Paa la mabati peke yake si kinga ya radi, na hapa lazima niende polepole, kwa kuwa hapa ndipo watu hufa. Kinachookoa ni njia. Radi ikipiga chuma cha juu inatafuta ardhi, na kama hujaipa barabara yake itapita kwenye mwili wa mtu aliyeegemea nguzo. Barabara hiyo ni utepe wa shaba unaoshuka kutoka kwenye paa bila kukunjwa kwa kona kali, mpaka kwenye fimbo za shaba zilizozamishwa ardhini. Kila nguzo, kila uzio na kila fremu ya bango iunganishwe nayo. Kisha inapimwa: upinzani wa ardhi usizidi omu 10. Udongo wetu mwekundu ukikauka unakuwa mgumu kupitisha umeme, ndiyo maana mafundi huzungushia fimbo mkaa na chumvi na kuzizamisha mpaka kwenye udongo wenye unyevu. Kipimo kizuri cha Februari kinaweza kuwa kibaya mwezi Oktoba, na Oktoba ndiyo mwezi wa radi za kwanza. Tunaisafisha shaba hii Shituru, wenyewe, kwa mikono yetu, na kuisafirisha kwa malori hadi bandarini. Kilo chache zibaki Kikula. Zifukiwe kwenye zege kwa urefu wa mita tatu kutoka chini, ili wezi wa nyaya wasizipate.

Mifereji ni habari fupi: ichimbwe kuzunguka uwanja wote, iwe na mahali pa kumwaga maji, na isafishwe kabla ya Novemba. Mazembe huko Kamalondo walichagua nyasi bandia walipofungua uwanja wao mwaka 2011, na mvua haiwasumbui sana. Lakini hata nyasi bandia zisizo na mfereji chini yake hugeuka kidimbwi.

Saa ya mchezo ndiyo itakayoleta ubishi. Ninapendekeza kuanzia Novemba hadi Machi mechi zianze saa saba mchana. Najua majibu. Jumamosi asubuhi kuna kazi za pamoja za salongo, Jumapili asubuhi kuna ibada, na ibada zetu haziishi kwa saa moja. Saa saba ni mapema kwa mama aliyetoka kanisani na bado hajapika bukari. Joto litakuwa kali kwa wachezaji, basi wapewe mapumziko ya kunywa maji katikati ya kila kipindi. Yote hayo ni kweli, na yote yanavumilika. Mechi iliyoanza saa saba inakuwa imeisha kabla ya saa tisa, watu wako njiani kurudi nyumbani wakati wingu linajenga. Wenye televisheni watalalamika pia. Nao wasikilizwe, lakini baada ya wanaokaa chini ya nguzo.

Kuna jambo la mageti ambalo haliwezi kungoja. Tarehe 11 Mei 2014, uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, watu wapatao kumi na watano walikufa kwenye msukumano mwishoni mwa mechi ya klabu za AS Vita na Mazembe. Siku ile haikuwa mvua, ilikuwa fujo na gesi ya kutoa machozi, lakini mwili wa binadamu unaokimbia hauulizi sababu. Ngurumo moja kubwa inaweza kuwainua watu elfu tano kwa pamoja kuelekea mlango mmoja. Mara nyingi viwanja vyetu vinafungua geti moja dogo ili tiketi zikaguliwe vizuri, na mageti mengine yanabaki na kufuli, mwenye ufunguo akiwa jukwaani anatazama mpira kama wengine. Siku za mvua kila geti liwe na mtu wake, na mtu huyo awe na ufunguo mkononi tangu dakika ya kwanza hadi wa mwisho atoke.

Mwisho, nani anasema basi? Leo mwamuzi anamtazama kamishna wa mechi, kamishna anatazama viongozi wa klabu, viongozi wanatazama mashabiki waliolipa falanga zao, na wote kwa pamoja wanatazama juu. Kijana wa filimbi mwenye miaka ishirini na kitu, anayetegemea mabwana hao kwa uteuzi wa wiki ijayo, hatasimamisha mechi kwa ngurumo ya mbali mbele ya watu elfu tano wanaomzomea. Asibebeshwe peke yake. Antante ya mpira ya Likasi iandike barua ya ukurasa mmoja: sekunde thelathini, mchezo unasimama, dakika thelathini bila ngurumo, unarudi, ikishindikana, unaendelea kesho yake saa saba kuanzia dakika uliposimamia, na tiketi ya jana inafaa. Isomwe kwenye kipaza sauti kabla ya kila mechi ya msimu wa mvua, kwa Kiswahili, ili mashabiki wajue kwamba mwamuzi anafuata barua wala haogopi timu yao. Klabu itakayomtisha itozwe faini.

Kazi ya shaba ifanyike Agosti, kabla mafundi hawajaanza kukimbilia mapaa ya nyumba za watu. Kipimo cha ardhi kirudiwe wiki ya kwanza ya Oktoba, namba iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa getini, pamoja na tarehe na sahihi ya aliyepima.